Nyumba Baada ya Kanisa

Mwaka 2011 nilikuwa nikitunza bustani ya bibi mmoja Mwingereza katika mtaa wa Observatory. Alikuwa ameanza kusahau. Asubuhi moja aliniita barazani, akanipa daftari.

"Kiandike kijiji chetu kabla hakijanitoka," alisema.

Kijiji chao kilikuwa kando ya mto, huko Uingereza. Alikitaja nyumba kwa nyumba, kuanzia darajani hadi kwenye kinu cha maji. Palikuwa na mhunzi, mwoka mikate, na kanisa ambalo ukuta wake ulichongwa alama kila mto ulipofurika. Alama ya juu kabisa ilimfikia baba yake kifuani.

Shule yangu iliishia darasa la sita, na mkono wangu ni mzito kuandika. Yeye alikwisha pita kanisa, mimi bado naandika alama zile. Niliona aibu kumwomba asubiri, nikairuka nyumba moja.

Miezi michache baadaye alitaka nimsomee. Nilipomaliza kanisa aliinua mkono.

"Hapo pana nyumba. Mlango wake ulitazama mto. Nani alikaa pale?"

"Uliitaja, bibi, lakini sikuiandika."

"Mbona hukunisimamisha?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, kizee nisiyeweza kufunga viatu vyangu?"

Alicheka kidogo, kisha akalitafuta jina. Halikuja.

"Basi waachie nafasi," alisema. "Watu waliishi pale."

Tukaanza ukurasa mpya kutoka darajani. Kila nyumba nilimwambia, "Subiri, bibi," naye alisubiri. Baada ya kanisa niliacha mstari mmoja mtupu.