Siku Niliyovaa Koti la Juma

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe, maana mkiisikia kwa Juma ataishia kwenye suruali tu, na suruali ndiyo ilikuwa sehemu ndogo.

Mimi ni kinyozi, mtu wa Tanga, na pale saluni kwetu Yeoville, mtaa wa wahamiaji huku kusini, kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha Riziki, dada wa Bukavu, msusi ambaye wateja walikuwa wanatoka mpaka mjini kati kumfuata. Ukutani kuna runinga, na Jumamosi hatuweki kitu ila zile filamu za vituko, watu na akili zao wanafanya upuuzi, huyu kapanda troli ya supamaketi anaporomoka nayo mlimani, yule kapigwa mpira pale pa kiume, mwingine anafungua mlango anamwagiwa ndoo nzima ya uji. Upuuzi mtupu, lakini tunacheka mpaka mashine naizima nisije nikamkata mtu sikio. (Msiniulize utamu wake uko wapi. Nadhani ni kwamba mtu anaanguka na safari hii si wewe, maana katika mji huu wa kuanguka siku zote ni sisi.)

Riziki alikuwa kanyamaza karibu mwezi mzima, ila filamu ikianza tu, anacheka mpaka anaweka kitana chini. Nikajiambia, basi huyu nitamchekesha mimi, laivu. Kichwa changu kibovu hakikujiuliza ananyamazia nini.

Juma, rafiki yangu, ni mlinzi. Nikaazima koti lake, kofia na suruali (Juma ni pande la mtu, mimi ufito), nikavaa miwani ya jua na barakoa, yeye akabaki nje na simu anarekodi. Nikaupiga mlango teke, nikakoroma kwa sauti nene: "Uhamiaji! Kila mtu karatasi mkononi!"

Sasa, pale kwetu kila mtu anajua kwamba mwenye karatasi hai ya kuishi hapa anakaa, anaitoa, anaendelea kusukwa. Anayekimbia kajitangaza. Na Riziki tulijua anayo, tena akiirefusha hutuonyesha kwa maringo. Lo! Riziki huyo, juu ya beseni la kuoshea nywele, beseni likang'oka, yeye kashatokea dirisha la nyuma na kitana mkononi. Mteja wake, nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, anapiga kelele, "Dada, na mimi je?"

Mwenye saluni naye alikuwepo, na aliona vizuri.

Nikazunguka nyuma nikamfuata mbio, "Riziki! Ni mimi Shabani! Ni utani!" lakini nani atasimama akiitwa na koti lile? Kufika kwenye robot, zile taa za barabarani, mkanda wa Juma ukaachia, suruali ikashuka mpaka kwenye vifundo, nikapiga mwereka mbele za teksi, makalio juu, chupi yangu yenye tundu hadharani. Madereva wakapiga honi, mama mmoja muuza ndizi akashika mbavu: "Eish, afande, suruali!" Ilikuwa filamu kamili, hata mimi ningecheka.

Riziki akageuka. Kofia ilikuwa imedondoka, barakoa iko kidevuni, akaniona. Nikangoja acheke. Hakucheka.

Akarudi hatua mbili, anahema. "Shabani, karatasi yangu ilikufa mwezi uliopita. Nilienda kuirefusha, wakanirudisha. Sikumwambia mtu, hata wenzangu wa kanisani. Sasa wote wanajua."

"Nisamehe, dada yangu. Nilitaka ucheke."

"Wale wa kwenye filamu wanakubaliana kwanza. Mimi uliniuliza?"

Nikaivuta suruali juu. Jumatatu mwenye saluni alimwambia Riziki hataki matatizo na serikali, naye Riziki akafunga vitana vyake kwenye kitenge akaondoka, na simu yangu hapokei. Yeoville nzima inaniita Afande Suruali, na nastahili, kweli nastahili. Nimeapa sitamcheka tena mtu anayeanguka kabla sijajua kama mwenyewe alikubali, na filamu zikiwekwa nageukia ukuta.

Ila video ya Juma ninayo. Mwanzoni kabisa, kabla sijaupiga mlango teke, alimpata Riziki kupitia kioo cha dirisha, kainua macho kwenye runinga, anacheka, kaweka kitana chini. Halafu naingia mimi.