Somo la Kufumba Macho

Mwalimu wa sauti alikuwa mwanamke mfupi mwenye masikio makali, na subira yake ilikuwa fupi kuliko kimo chake. Ujanani aliimba katika bendi, hadi koo lilipomsumbua akapasuliwa, na daktari akamwambia asahau jukwaa. Akanunua kinanda chakavu, akakibana sebuleni kati ya kabati la vyombo na dirisha, akaanza kufundisha. Wanafunzi wake hawakuwa wengi kwa sababu hakujua kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna mama alimleta binti yake akiamini amezaa kinanda. Mwalimu alimsikiliza yule mtoto mpaka mwisho, kisha akamshauri mama amtafutie mchezo wa mpira.

Mumewe alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo wanafunzi waliimba huku nyundo zikiitikia.

Wakati huo mji mzima ulikuwa umelewa nyimbo za kijana aliyejiita Tetemeko. Alisikika kwa kinyozi, dukani, na kwenye simu ya kila mtoto. Fundi alikuwa akisema hilo ni tetemeko lisilotikisa hata kikombe, na kwamba sauti ya kijana yule imefanyiwa matengenezo kuliko gari lolote lililopita gerejini kwake. Mwalimu hata kucheka hakucheka. Kwake Tetemeko alikuwa kama inzi, hastahili hata kutukanwa.

Basi meneja wa Tetemeko alipokuja kumwomba amfundishe bosi wake, fundi alitegemea kuona mtu akifukuzwa. Mkewe akakubali. Alijiambia kwamba hakuna koo lisilofundishika, na kwamba kama mji umeamua kuabudu kisiki, yeye angalau atakichonga kifanane na mtu.

Alipokwenda nyumbani kwa Tetemeko, alimkuta kijana amejilaza kwenye kochi jeupe, simu mkononi. Mtu mmoja alimshikia chupa ya maji, mwingine alishika chaja. Wa tatu mwalimu hakumwelewa kazi yake, isipokuwa kwamba bosi akicheka, naye anacheka. Mwalimu aliomba sauti moja tu, yoyote, aishikilie. Kilichotoka kilikuwa mlio wa lango la ghala lililonyimwa mafuta. Mwenyewe hakuona haya. Alisema hizo nyingine mashine itamalizia, akarudi kwenye simu.

Meneja alimvuta mwalimu kando, ukumbini.

"Mwalimu, samahani, hatukukuita umfundishe kuimba. Kuimba mashine inaimba. Tunataka aonekane anaimba. Watu wameanza kusema mdomo wake na wimbo haviendi pamoja."

Mwalimu alishika mkoba wake aondoke. Halafu, kama alivyomweleza mumewe baadaye, alishikwa na hamu ya kuona upuuzi huu una kina gani. Akarudi sebuleni akafundisha. Alifundisha pumzi ya tumbo, mishipa ya shingo, mkono kifuani. Alimfundisha jinsi mwimbaji anavyofumba macho neno likimlemea, na jinsi anavyonyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Tetemeko alishika yote upesi, bila kurudiwa. Hapo ndipo mwalimu alipochukia kwelikweli, kwa sababu kijana alikuwa na kipaji. Ila hakikuwa cha muziki.

Siku ya tuzo za muziki, mume na mke walikaa mbele ya televisheni. Tetemeko alipanda jukwaani, wimbo ukapigwa, mdomo ukaenda sambamba bila kasoro. Ulipokwisha, mtangazaji wa kike, sijui kwa wema au kwa shari, akamwomba aimbe ubeti mmoja bila ala. Ukumbi ukatulia. Mwalimu akasogea ukingoni mwa kiti. Njia ya mwongo ni fupi, alijisemea, na leo imefika ukutani.

Tetemeko akafumba macho. Akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi toka tumboni, akafungua kinywa. Kimya. Kidevu kikashuka, mabega yakatetemeka, chozi likateremka polepole upande wa kamera. Ukumbi wote ukasimama kupiga makofi. Mtangazaji naye akawa anajifuta machozi. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba hisia zimemzidi msanii, na kwamba taifa limeshuhudia sauti ya moyo.

Fundi alicheka hadi akapaliwa. Alipoona uso wa mkewe, aliacha.

Meneja hakuchelewa kurudi, safari hii na shada la maua, akitaka wasanii wengine watatu wafundishwe vilevile. Mwalimu hakumkaribisha ndani.

"Nimewafundisha watu kuimba, hakuna aliyewahi kusimamiwa na ukumbi," alimwambia. "Nimemfundisha mmoja kunyamaza, mmemtawaza. Nenda kawatafutie mwalimu wa mabubu."

Akafunga mlango. Maua aliyaokota mumewe, akayatia kwenye kopo la oili.

Kilichomuumiza kilikuja baadaye. Mwanafunzi wake bora alikuwa muuguzi, mama wa watoto wawili, mwenye sauti ambayo mwalimu hakuwahi kuisifu mbele yake kwa kuogopa kuiharibu. Muuguzi alikwenda kwenye shindano la kutafuta vipaji. Waamuzi walimwambia anaimba vizuri, lakini hana wafuasi wala kisa cha kusisimua. Akaja moja kwa moja sebuleni, hata kuketi hakuketi.

"Mwalimu, nifundishe na mimi lile la Tetemeko."

Mwalimu alimjibu kwa ukali kwamba nyumba hii haifundishi maigizo, na mwenye dhahabu haombi bati. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe enzi zako aliyeimba alisikika," alisema taratibu. "Mimi nani ananisikia?"

Mwalimu alivuta kiti. Akafunua kinanda, akapiga sauti ya kuanzia. Muuguzi akaimba. Dirisha lilikuwa wazi. Barabarani hakuna aliyesimama. Jirani mmoja alifunga la kwake, mtoto wake alikuwa amelala. Wakashughulika na ubeti wa pili, uliokuwa na matatizo, mpaka ukanyooka.

Tetemeko siku hizi ni mwamuzi wa lile shindano. Anakaa kiti cha katikati na kuwaeleza vijana kasoro za pumzi zao, nao wanamshukuru.

Muuguzi huimba harusini mwisho wa wiki, wageni wakitafuna na kupiga soga hadi kuifunika sauti yake. Mwalimu alikwenda kumsikiliza mara moja, akakaa nyuma karibu na jiko, akiwatazama walaji kwa dharau aliyoshindwa kuificha. Muuguzi aliposhuka, alimuuliza mwalimu ameonaje. Akajibiwa kwamba katika ubeti wa mwisho amevuta pumzi mapema, na Jumamosi wataanzia hapo.