Gari Lilipozimika Njia ya Kiganjo

Nawasimulia mwenyewe, kwa sababu hapa Nyeri mmeshasikia, na wengi mmesikia vibaya.

Nilitaka kuhamisha mkopo wa nyumba yangu hadi benki yenye riba nafuu. Afisa wao, mama mpole, akaniuliza, "Mwalimu, uko na mkopo mwingine?" Nikasema sina. Gari nilikuwa nimelichukua kwa mkopo, lakini niliogopa kwamba wakijua wataninyima. Kisha, kwa ujinga wangu, nikajitolea kumpeleka kuikagua nyumba kwa gari hilo hilo.

Nilikuwa nimechelewa kulipa. Walionikopesha waliweka kifaa ndani ya gari, na ukichelewa wanalizima wakiwa ofisini kwao. Basi niliendesha jasho likinitoka na baridi yote ile ya asubuhi. Kila gari lilipotikisika, nilidhani wamelizima.

"Uko sawa, Mwalimu?"

"Niko sawa, madam. Ni homa kidogo tu."

Kabla hatujafika Kiganjo, injini ikanyamaza. Nikamwambia mafuta yameisha. Akautazama mshale, tangi limejaa. Mara simu yangu ikaanza kuita kwenye spika za gari. Mikono yangu ilikuwa imeganda kwenye usukani, kwa hivyo akanisaidia kuipokea.

"Mwalimu, tumezima hiyo gari yetu mpaka ulipe."

Afisa akafungua mkanda polepole. "Na hiyo nyumba tunaenda kuona," akauliza, "hiyo nayo ni ya nani?"