Aliyewafungulia wengine geti, sasa aitwa ndani

Saa tatu asubuhi, mwigizaji analia. Analia vizuri kweli: chozi moja linateremka taratibu kwenye shavu la kushoto, lile lililoelekea mwanga wa dirishani. Akimaliza, anajifuta na kumtazama mshauri nasaha aliyeketi mbele yake; mimi, mwandishi, wameniruhusu nikae pembeni.

"Nirudie?" anauliza.

Mshauri, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, anainuka na kufunga pazia. "Hapa haturekodi, mwanangu. Kaa unavyotaka."

Watazamaji wa tamthilia wanaijua sura yake, jina hawalijui. Mitaani ni Mama Geti, maana kila tamthilia yeye ndiye mfanyakazi wa ndani anayefungua geti, anasema "Karibu, bosi yupo," basi, imetoka hiyo. Watoto humpigia kelele sokoni: "Mama Geti, tufungulie!" Hucheka nao, kisha akifika nyumbani anajifungia chumbani.

"Mwongozaji wangu wa kwanza aliniambia nina sura ya kusimama nyuma," anasema. "Nikamwamini. Ukiambiwa hivyo ungali msichana, neno linakuganda."

Linaganda haswa. Mama yake mzazi, niliyemkuta jikoni kwake akichambua mboga, alinieleza: "Huyu ukimsifia anageuka nyuma aone anayesifiwa ni nani. Tangu mdogo! Na mimi nikadhani ni adabu." Akaendelea na mboga zake, macho yamemlowa.

Kilichompeleka kwa mshauri, amini usiamini, ni habari njema. Mwongozaji mpya anamtaka awe mhusika mkuu, mama anayepigania nyumba yake mahakamani. Jibu linatakiwa leo. Wiki nzima amekuwa akitafuta namna ya kukataa kwa heshima.

"Nilidhani wamekosea namba ya simu," anasema, wala hatanii.

Pazia likiwa limefungwa, mshauri anamuuliza ni nani huwa wanaingia akishafungua geti. Anawataja: mabosi, wachumba, polisi, mawakili.

"Na wewe, mwanangu, unaingia lini?"

Hapo analia tena, na safari hii analia vibaya, kwikwi na makamasi, uso umekunjamana, kiti kimeligeukia kabati, si dirisha. Nilijikuta nakodolea macho viatu vyangu. Mshauri anampa kitambaa na kumwacha amalize.

"Miaka yote hiyo," anasema mwishowe, "nilikuwa naogopa wakiniona vizuri watanirudisha nyumbani."

"Mimi nimekuona," mshauri anamjibu. "Na Alhamisi uje tena."

Kwenye korido, macho bado mekundu, anampigia mwongozaji mpya. "Nimekubali. Nitaigiza... mimi."

"Wewe mwenyewe?" mwongozaji anauliza. Ananitupia jicho, na ninaona midomo yake imeshaanza kulitafuta lile swali lake, "Nirudie?" Analimeza.

"Ndiyo, ni mimi," anasema. "Tunaanza lini?"