Kahawa ya Mama Ilipovuka Mipaka

Nilikwenda Bujumbura kumrudisha mke wangu nyumbani. Hapa Nguba, mtaa wetu wa Bukavu, watu waliambiwa kwamba napeleka kahawa na barua, na ni kweli nilivipeleka, lakini si hivyo vilivyoninyima usingizi.

Wengi wenu mmekunywa kahawa kwa mama yangu, Maman Nabintu, kwenye ule mlango wa kijani upande wa ziwa. Alianza na meza mbili. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Cyangugu akamwomba ruhusa ya kufungua nyumba kama hiyo ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa jina la mama. Akaja wa Uvira, akaja wa Bujumbura. Mama alikubali kwa masharti matatu: mlango upakwe kijani, kahawa itoke Katana na ikaangwe hapa Nguba kwa mkono wangu, na anayemimina aonje kwanza mbele ya mgeni, kama wazee wetu wanavyofanya kwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili mgeni anywe bila wasiwasi. Mtu wa nyumbani haonjewi. Ukimwonjea, umemwambia kwamba ni mgeni.

Mapendo, mke wangu, alitumwa Bujumbura kuwafundisha kazi kwa kiangazi kimoja. Viangazi viwili vikapita. Kila wiki nilikaanga gunia la kule huku nikijua kwamba kahawa yangu ikizidi kupendwa, mke wangu naye atazidi kukawia. Wivu wa namna hiyo utamweleza nani? Na sasa Kigoma nao walilitaka jina.

Jumatatu asubuhi, mbele ya lori la Uvira, mama alinipa barua iliyofungwa.

"Umupatie Mapendo mu mukono," alisema. "Asome mbele yako."

"Ni mambo ya Kigoma, maman?"

"Kigoma iko ndani. Na weye, Bahati, kama uko na neno, useme."

Tuliipita Nyangezi na migomba yake, tukaanza kuteremka mlima wa Ngomo. Barabara pale ni nyembamba, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Dereva alizima redio. Wasafiri waliokuwa wakibishana tangu Bukavu wote wakawa watakatifu. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mapendo. Kila nilipoyarefusha yaliharibika, mpaka tulipofika Kamanyola nilikuwa nimebakiza neno moja tu: rudi.

Uvira tulifika jioni, mpaka umeshafungwa. Nililala kwa binamu yangu, nikigaagaa kwa joto ambalo sisi watu wa Bukavu hatulijui.

Jumanne, mpakani, ofisa wa forodha alinusa gunia langu kwa muda mrefu.

"Citoyen, hii kahawa inaenda kufanya nini Burundi, na Burundi iko na yake?"

"Inaenda tu kutembea, chef."

Akacheka, akagonga muhuri.

Bujumbura, saa sita mchana. Niliuona mlango wa kijani kabla sijaonyeshwa, na kifua kikanijaa majivuno ingawa sikuyataka. Ndani palijaa makarani na wachuuzi, na harufu ilikuwa ya kwetu kabisa. Ningefumba macho ningedhani niko Nguba. Mapendo alikuwa amesimama nyuma ya birika. Alikuwa amekonda kidogo, na nywele zake zilisukwa kwa mtindo nisioujua. Aliponiona aliweka mkono kifuani, akasimama hivyo. Nilikuwa nimemtamani miaka miwili.

Alinikalisha dirishani, watu wote wakitutazama. Akamimina. Kabla kikombe hakijanifikia, akakiinua, akaonja, ndipo akakiweka mbele yangu.

Mimi najijua. Nikinuna, nanuna kwelikweli. Nilitoa barua nikamkabidhi. Aliisoma mara mbili, kisha akanitazama.

"Uko na neno ingine ya kuniambia?"

"Hapana. Ni barua tu."

"Hata moja?"

"Kahawa iko muzuri," nikasema.

Aliikunja barua taratibu.

"Basi nitaenda Kigoma. Meli inaondoka Alhamisi asubuhi."

Jioni tulikula samaki. Aliniuliza habari za dada yake wa Muhumba, za mvua, za paa letu kama bado linavuja, nami nikamjibu kama karani wa posta. Jumatano alinisindikiza hadi kwenye gari akiwa amebeba mfuko wangu, na hakuuachia mpaka dereva alipopiga honi.

"Ufike muzuri," alisema.

Nililala tena Uvira. Alhamisi tulipopanda Ngomo baridi ilinirudia, nikafunga vifungo vyote vya koti. Alasiri nilimkuta mama uani akichambua kahawa.

"Uko peke yako," alisema.

"Ameenda Kigoma."

"Ulimuambia arudi?"

"Alinionjea kikombe, maman. Mbele ya watu wote, kama mugeni."

Mama aliweka ungo chini.

"Mbele ya batu angefanya aje? Ile sheria si ni mimi njo niliiweka? Nilimuandikia mu barua: bwana yako akikuambia rudi, urudi naye, nitatuma mutu mwingine Kigoma. Asiposema, wende. Mwanamuke hawezi kurudi ku nyumba yenye haimuite."

Nilimuuliza lori la Uvira linaondoka lini. Akasema kesho. Meli ilikuwa imeng'oa nanga tangu asubuhi.

Jina la mama yangu limevuka mipaka mitatu na kote limefunguliwa mlango, na mimi mwanawe nimeshindwa kuvusha neno moja juu ya meza. Hilo ndilo nililojifunza, na nimejifunza nimechelewa.

Jana nilikaanga gunia la kwanza la Kigoma. Kabla ya kulishona nilitumbukiza ndani karatasi yenye neno lile. Sijui ni mkono wa nani utakaolifungua gunia.