Tulivyomleta Bibi Harusi Maguu kwa Rivasi

Niliondoka Maguu alfajiri ya Alhamisi kwenda Lundo, kando ya ziwa, kumchukua mchumba wa mwanangu Festo. Harusi ilikuwa Jumamosi saa nne. Tulikwisha kuiahirisha mara moja, na sababu ilikuwa gari hili hili. Baba yake binti alituma neno kwamba tukishindwa mara ya pili, binti yake anabaki kwao. Mtu mwenye akili angekodi gari jingine. Lakini mimi nilikuwa nimetamba kwenye kikao cha harusi, mbele ya ukoo mzima, kwamba mkwe wangu hapandi gari la kukodi wakati mimi ninalo langu. Ubishi wangu mnaujua, sina haja ya kuueleza.

Gari lenyewe ni la porini, linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu, la mabenchi mawili nyuma na mlango mkubwa kisogoni. Tatizo lake lilikuwa difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma ambamo meno hupokea nguvu ya injini na kuigawa kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelika. Nikipita barabarani, watu walinisikia kabla ya kuniona.

"Baba Festo, litengeneze au uliuze," mke wangu alikuwa akisema. "Siku moja litatuaibisha."

Basi msimu uliopita, tulipomaliza kukoboa kahawa, nilisubiri aende sala ya jumuiya, nikafungua nati ya difu, nikashindilia maganda ya kahawa humo ndani. Usinicheke. Kelele zilikoma siku ile ile. "Unaona?" nikamwambia. "Limepona lenyewe." Akanitazama, akaendelea kuchambua maharage.

Mbinga mjini, saa mbili unusu asubuhi. Kelele zilikuwa zimerudi na ndugu zake. Nikaingia gereji ya fundi Deo, kijana mpole anayeongea na magari kuliko na watu. Akalala chini, akafungua difu. Kisha akatoka na kiganja kimejaa uji mweusi, akaunusa.

"Mzee, hii ni kahawa."

"Kahawa?" nikashangaa kwa nguvu zangu zote.

"Maganda. Yamekula beringi, yamesaga meno. Nani kafanya unyama huu?"

"Aliyeniuzia," nikasema. "Watu hawana utu kabisa siku hizi!" Nikamlaani yule bwana mpaka mafundi wengine wakaacha kazi wakaja kunisaidia kumlaani. Maskini ya Mungu, alikuwa katekista, na alifariki zamani.

Deo akaosha difu kwa mafuta ya taa, akabadilisha beringi moja, akatia oili mpya. Maganda mengine yalikuwa yameganda kwenye kona za ndani, hayakutoka yote. Meno mapya yangeletwa kutoka Songea Jumatatu. Harusi ni Jumamosi. "Kushuka utashuka," akaniambia. "Kupanda na mzigo, hapo sikuahidi."

Lundo, saa kumi jioni. Tulishuka milima polepole, mimi na gari, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Chini kabisa ziwa likatokea, samawati tupu, na joto likanivua sweta la Maguu. Mzee Anselmo, baba wa Leokadia, alinipokea uani. Kazi yake ni kutengeneza injini za boti, na mikono yake ni myeusi hadi kwenye viwiko.

"Karibu mkwe. Umefika na gari?"

"Nimefika nalo."

"Nimelisikia," akasema.

Tulikula ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, samaki mtamu mpaka nikasahau difu. Baada ya kula, Shangazi Apolonia, dada mkubwa wa Mzee Anselmo, akanisomea sheria za ukoo wao. Binti akishavuka kizingiti kwenda kuolewa, hageuki nyuma. Akigeuka, maana yake moyo wake umekataa. Anarudishwa ndani, vyombo vinatuliwa, na harusi inakufa pale pale.

"Hata akiitwa?" nikauliza.

"Hata nyumba ikiungua," akasema Shangazi.

Ijumaa, saa nne asubuhi. Leokadia akatoka amevaa gauni la kijani, vigelegele kila upande. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mtulivu, hababaishwi na kitu. Akakaa kiti cha mbele, pembeni yangu. Shangazi na wasindikizaji watatu wakapanda nyuma pamoja na sanduku, magodoro na gunia la dagaa wale wadogo tunaowaita usipa. Nikatia gia. Tulikuwa tumefika kwenye kijilima cha mchanga mbele ya nyumba pale mama yake aliposhindwa kuvumilia, akaita, "Leo! Mwanangu!"

Leokadia akageuka.

Na difu ikasema ka-TANG!

Jamani! Injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Kisha Shangazi akapiga ukunga. "Amegeuka! Amegeuka, na gari limekufa! Mmeona wenyewe!" Wanawake wakaanza kushusha magodoro. Mzee Anselmo akaja taratibu, uso umemshuka.

"Mkwe," akaniambia, "mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini nimeona kwa macho yangu. Binti ashuke, aingie ndani."

Leokadia akasema, "Baba, nimegeuka kwa sababu mama ameniita. Gari limekufa kwa sababu zake lenyewe."

"Sababu gani?" Shangazi akadakia. "Zitaje!"

Hakuwa nazo. Mwenye nazo nilikuwa mimi. Nikamwona binti wa watu ameshika mpini wa mlango, ameanza kushuka, macho makavu lakini kidevu kinatetemeka. Nikamfikiria Festo, ambaye saa ile alikuwa anapaka chokaa nyumba yao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya difu na sasa msiba unapelekwa kwa mtoto asiye na kosa.

"Usishuke, mama," nikamwambia. "Mkwe, niletee spana na beseni."

Nikaingia chini ya gari na suti yangu ya harusi, nikafungua nati. Ikamwagika oili nyeusi, vikadondoka vipande vya meno, kisha maganda ya kahawa, kibonge baada ya kibonge. Nikatoka nje nimepakaa mpaka masikioni.

"Ni mimi," nikasema mbele ya wote. "Niliyatia mwenyewe, mke wangu asisikie kelele. Hili gari lilianza kufa tangu msimu uliopita. Leokadia hana kosa."

Mzee Anselmo akachota kidogo kwenye beseni, akanusa.

"Kahawa ya Maguu?"

"Ya Maguu."

"Mnayoisifia kila mahali?"

"Maganda yake tu, mkwe."

Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, akacheka mpaka akakaa mchangani, na uwanja mzima ukamfuata. Shangazi peke yake hakucheka. Akasema, sawa, safari hii atahesabu kwamba binti hakugeuka, ila alitazama kioo.

Mzee Anselmo hajui magari lakini anajua vyuma. Akachomoa propela, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu nyuma, akachomoa na eksel zote mbili, magurudumu ya nyuma yakabaki kuzunguka bure. Gari lingevutwa na ya mbele peke yake. Matundu ya nyuma yalitaka mpira wa kuzibia, vumbi lisiingie. Tukatafuta mpira, hakuna. Macho yote yakashuka kwenye ndara za Shangazi.

"Hamtathubutu," akasema.

Tulithubutu. Nikiwa bado chini ya gari nilimwona Mzee Anselmo akifunga kitu ndani ya kitenge na kumpa binti yake, lakini sikuuliza.

Milimani, saa tisa alasiri. Mzigo ulikuwa nyuma, nguvu mbele. Kwenye kona ya kwanza kali magurudumu ya mbele yakaanza kuteleza, yakafuka moshi, tukasimama. Nikaona nigeuze, nishuke kidogo, nijaribu tena kwa kasi. Nikatia rivasi, nikapeleka kisogo cha gari upande wa mlima ili nigeuke. Likapanda. Nikaongeza mafuta, likazidi kupanda, limetulia, uzito wote sasa umelalia magurudumu yanayovuta.

"Basi twende hivi hivi," nikasema.

"Simama!" Shangazi akapiga bati. "Bibi harusi anatazama wapi?"

Nikatazama. Kioo cha mbele kilikuwa kimelielekea ziwa, na Leokadia alikuwa anaiona Lundo yote, karibu hata paa la kwao. Yesu na Maria! Kwa mwendo ule angeitazama nyumbani mlima mzima.

Tukabadilishana. Shangazi akaja mbele, miguu peku, akafumba macho kwa hofu. Leokadia akaenda nyuma, tukafungua mlango wa kisogoni, akakaa hapo akitazama upande wa Maguu, na kwa kuwa mimi shingo haigeuki vizuri, akawa ndiye macho yangu.

"Kushoto, baba. Kushoto kwa gari, si kwako. Nyoosha. Lori linakuja, simama."

Hivyo ndivyo tulivyopanda, tukipumzisha injini kila baada ya kona mbili. Dereva wa lori la makaa alitupisha, akavua kofia. Waendesha bodaboda walitusindikiza wakiuliza kama tunarudi au tunakwenda. Tambarareni tukageuza, na jua halijazama tukafika Mbinga, tukalala kwa dada yangu.

Maguu, Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano. Mlima wa kanisani ni wa udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha. Rivasi tena. Ukoo wote ulijipanga mlangoni na matawi, wakaona kisogo cha gari kinawajia, na mlangoni kwake bibi harusi amekaa anaelekeza kwa mkono. Alishuka wa kwanza. Mimi nilifika nyuma yake, kama inavyostahili. Festo alilia, asikudanganye.

Kwenye karamu, Leokadia alipiga magoti mbele ya mke wangu. "Shikamoo mama. Baba yangu amesema nikukabidhi hii mwenyewe." Ni kile kitenge. Mama Festo akakifungua mbele ya wageni wote. Ndani mlikuwa na meno manne ya difu na konzi ya maganda ya kahawa.

Akanusa. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya maharage.

"Limepona lenyewe," akasema.

Nilichojifunza safarini ni kwamba kelele ukiinyamazisha haijaondoka, inakwenda kumsubiri mtu mwingine mbele ya safari. Jumatatu Deo alipanda Maguu na meno mapya. Alipofika hatua ya kujaza difu akauliza kwa heshima nataka atie nini. Nikamwambia oili. Mke wangu alikuwa shambani, lakini mkwe wangu Leokadia alisimama pale, mikono kifuani, akaitazama ile nati mpaka ikakazwa, na hakugeuka nyuma hata mara moja.