Usimpe Mbwa Kipande cha Wavu

Nakumbuka siku mjomba wangu alipokuja na rungu mkononi kumchukua mbwa wangu, na mimi nikasema hapana. Nakueleza wewe, mwanangu, kwa sababu jana nilikuona ukimtupia mtoto wa mbwa ndala iliyokatika aichezee, na leo asubuhi umemfukuza na fimbo kwa kuwa ametafuna ndala nzima ya baba yako. Kaa hapa. Fimbo weka chini.

Kwetu, upande wa Wamaza, wakati wa Wabelgiji, kila nyumba ililimishwa pamba. Mtu amalize kwanza pamba ya Mzungu, ndipo apate nafasi ya kuingia porini. Nyama yetu ilitoka katika wavu: wanaume wanautandaza, mbwa wenye kengele za mti shingoni wanafukuza mnyama mpaka anaingia humo. Wavu ule mjomba aliusuka mwenyewe, kamba kwa kamba, majira mazima ya mvua. Siku alipokuta umetafunwa, una tundu la kupitisha kuku, hakuuliza mengi. Alijua ni Watasema.

Watasema ndilo jina nililompa mbwa wangu, maana watu hawakuacha kusema. Mtoto wa kike na mbwa wa kuwinda, wapi na wapi? Tena mbwa akichezeshwa anakuwa mjinga, anasahau pori. Basi, waseme.

Mjomba akanikuta uani, mbwa kajibana kati ya miguu yangu.

"Lete ile imbwa. Iko mwizi."

"Hapana, Mjomba."

"Umesema nini, wewe mutoto?"

"Nimesema hapana. Nani aliipa kipande cha wavu ya zamani ichezee, ikiwa ndogo? Iko wewe. Ulikuwa unavuta, unacheka, unasema iko na meno ya chui. Sasa itajua namna gani kama ile iko ya kucheza na hii iko ya nyama?"

Mama alijishika mdomo. Mjomba hajibiwi hivyo, na mimi nililijua hilo vizuri. Lakini kweli haiombi ruhusa kwa mwenye rungu. Mjomba akautazama wavu, akamtazama mbwa, mwisho akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ananipa mpaka pamba ivunwe. Mbwa akiugusa wavu tena, shimo lake nitalichimba mimi.

Nikaanza kumtafutia kitu cha kutafuna. Kigunzi cha muhindi alikivunja, akakimeza, akakitapika. Mfupa wa kuku ulipasuka kama sindano, mama akautoa kooni kwa kidole. Ndipo nikaomba ngozi mbichi ya mbuzi, nikaikata mikanda, nikaisuka kama nywele kuzunguka kipande cha mti laini, kikubwa kuliko koo lake. Nikaikausha kivulini. Ukucha ukiikandamiza unaacha alama ndogo. Basi nikajua jino halitavunjika. Nikaisugua na samaki mkavu wa kutoka soko la Nyangwe. Ninaificha chini ya majani, anaitafuta, anaileta, tunavutana. Akianza kuichoka naitundika juu, siku nyingine anaipokea kama mpya. Na kila akisogelea wavu, simpigi. Namtia ngozi yake mdomoni.

Kapita wa pamba, yule msimamizi wetu, alipita akacheka, akasema mbwa wangu ana michezo kama mbwa wa Mzungu. Nikamwambia wa Mzungu analishwa na watu, huyu wangu atalisha watu.

Pamba ikavunwa. Mjomba akautandaza wavu uani, akakaa kando, rungu magotini. Watasema akaja, akaunusa. Sikumwita. Akauruka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ngozi yake na kuiangusha juu ya mguu wa mjomba. Mjomba akaweka rungu chini, akashika ncha ya ngozi, akavuta.

Kesho yake alikuwa anamchongea Watasema kengele.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni hivyo hivyo. Usimpe achezee kitu kinachofanana na kile usichotaka akiharibu. Mpe chake: kikubwa asikimeze, kigumu kidumu, lakini kisimvunje jino, na wewe ucheze naye, maana kitu peke yake hakifurahishi. Na kama wewe ndiye uliyemfundisha vibaya, fimbo isimwangukie yeye. Hata mkubwa akija kumlipisha mdogo kwa kosa lake mwenyewe, simama mbele ya mdogo, miguu ikitetemeka itetemeke.

Mungu akupe mkono usioonea, na ulimi usiokauka mbele ya rungu. Nyumba yako isikose wa kukubwekea ukirudi. Ngozi iko pale juu ya dari. Kamsukie.